Punda wa maji aliyekwamwa na pumba: kisa kutoka Handeni

Mgonjwa ni punda jike wa kijivu, mbeba maji, uzito wake karibu kilo 150 kwa kipimo cha utepe wa kifuani. Mwenye mali ni bibi mmoja anayekaa kando ya barabara itokayo Handeni kwenda Songe. Umri wa punda hauna tarehe. Bibi anakumbuka tu kwamba alimnunua mwaka ambao mjukuu wake mkubwa alianza darasa la kwanza, na mjukuu huyo sasa ana watoto wawili. Meno nayo yalitoa ushahidi uleule: punda amevuka miaka 20.

Ilikuwa Februari. Vuli ilinyesha kwa kudonoa, masika bado, na kwa anayeijua Handeni hilo linatosha: lambo la karibu limebaki tope, maji yanafuatwa mbali, bei ya dumu inapanda na punda hapati siku ya kupumzika. Huyu alikuwa akitoka alfajiri na sogi mgongoni, madumu manne ya lita 20. Hizo ni kilo 80, zaidi ya nusu ya uzito wake mwenyewe, na juu ya hilo peke yake ningeweza kuandika kisa kingine kizima. Nyasi hazikuwepo. Akirudi alikuta beseni moja la pumba za mahindi, la kula pamoja na dume kijana mwenye papara.

Siku ya tukio pumba zilikuwa zimetoka mashineni, kavu, na ndani yake mlikuwa na magunzi yaliyosagwa nusunusu. Jike alirudi karibu saa nne asubuhi akiwa hajala tangu jioni iliyotangulia. Kwa maelezo ya mjukuu aliyekuwepo, alikula kwa pupa kidogo tu, akarudi nyuma ghafla, akanyoosha shingo mbele, akakohoa, kichwa kikawa kinapanda na kushuka. Haukupita muda mate yakaanza kuning'inia mdomoni, na puani, tundu zote mbili, likatoka povu la rangi ya pumba.

Chupa ya mafuta

Wa kwanza kufika alikuwa jirani, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa na mtu anayesikilizwa pale kijijini. Alikuja na chupa ya soda iliyojaa mafuta ya kula, akaagiza kichwa cha punda kiinuliwe, akamimina. Nusu ya mafuta yalirudi puani. Punda alikohoa mpaka akapiga magoti.

Tusimhukumu upesi. Mkoa wa Tanga, ilimo Handeni, ni mkoa wa maziwa, na tuliosomea mifugo huku tulilelewa na ng'ombe. Msimu wa maembe, kokwa likimkwama ng'ombe kooni, kila mtu kijijini anajua kwamba saa inahesabika. Ng'ombe aliyezibwa umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, hawezi kubeua. Gesi ya tumboni inakosa pa kutokea, ubavu wa kushoto unavimba kama ngoma, moyo na mapafu vinabanwa, na mnyama anaweza kufa kabla ya daktari kufika. Tena kwa ng'ombe aliyevimbiwa kwa kula majani mabichi ya jamii ya kunde, mafuta ya kula ni dawa ya kweli, kwa kuwa yanavunja povu lililofungia gesi. Jirani alifanya kile ambacho kimewahi kumwokolea mnyama wake.

Ila punda na farasi hawakuumbwa hivyo. Tumbo lao ni dogo, na uchachukaji mkubwa wa chakula unafanyika nyuma kabisa, kwenye utumbo mpana, ambako gesi ina mlango wake. Umio ukiziba, tumbo halivimbi. Njia ya hewa nayo iko wazi, maana kilichoziba ni njia ya chakula. Kwa hiyo punda aliyekwamwa, pamoja na vituko vyote vya povu na shingo kunyooka, ana muda ambao ng'ombe hana. Hatari yake iko mahali pengine, kwenye mapafu.

Angalia njia yenyewe. Kaakaa laini la punda ni refu, limefunga sehemu ya nyuma ya kinywa kiasi kwamba hawezi kuhema kwa mdomo, na kinachorudi kutoka kooni hupitia puani. Kutapika hawezi. Umio ukiwa na kizibo, kila anachomeza, hata mate yake mwenyewe, kinajaa juu ya kizibo kama kisima kinavyojaa, kinafika usawa wa koromeo, na hapo kinachuruzika kwenda kwenye bomba la hewa. Maji humkohoza. Mafuta ni mabaya zaidi kwa sababu ni laini, hayaamshi kikohozi ipasavyo, na yakishaingia kwenye mapafu mwili hauna namna nyepesi ya kuyaondoa. Nimonia ya mafuta ni ugonjwa mgumu kutibu hata penye hospitali kubwa ya wanyama. Na kuinua kichwa, ambako kwetu kunaonekana ni kumsaidia kumeza, ni kuielekeza mifereji yote upande usiofaa.

Simu

Nilipigiwa saa sita hivi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba baba. Punda wangu anakufa, povu linamtoka puani."

"Anapumua?"

"Anapumua, ila anakoroma."

"Tumbo limevimba?"

"Hapana, liko vilevile."

"Basi hafi sasa hivi, bibi. Ondoa beseni. Ondoa na ndoo ya maji. Mpeleke kivulini palipo na ardhi tupu, asipate hata jani la kuokota, na kamba iwe ndefu ili kichwa kishuke."

"Hata maji, baba? Si ndiyo yatamshushia hicho chakula?"

Swali lake ni la mtu mwenye akili timamu, na kwa binadamu aliyekwamwa na ugali kidogo maji husaidia kweli. Lakini pumba kavu zikilowa hufura. Kizibo kinanenepa, na maji yasiyo na pa kwenda yanafuata njia niliyoieleza. Nilimwambia mdomo ufungwe kwa kila kitu mpaka nifike, na mpira wa kumwagilia bustani, ambao jirani alikuwa ameshautaja, usikaribie koo la mnyama yule. Ukuta wa umio ukitoboka, hatuna tena la kufanya.

Wengi wa wanyama hawa hufunguka umio wenyewe ndani ya saa moja au zaidi kidogo wakiachwa watulie, kichwa chini, mate yakilainisha kizibo polepole. Ndiyo maana sikukimbia kama ambavyo ningekimbia kwa ng'ombe. Nilipitia kuchukua mpira mwembamba, dawa ya kutuliza, na glovu.

Kuhusu glovu niseme kidogo. Kwenye simu niliuliza jambo jingine: kuna aliyeingiza mkono mdomoni mwake? Mjukuu alikuwa ameingiza, akitafuta kilichokwama. Punda anayetoa mate na kushindwa kumeza, katika nchi ambayo kichaa cha mbwa bado kipo, ni lazima kwanza ashukiwe kuwa na kichaa mpaka ithibitike vinginevyo. Niliagiza kijana anawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, nikauliza kama punda amewahi kung'atwa na mbwa au kubadilika tabia siku za karibuni. Hakuna. Historia ilikuwa upande wetu, kwani ugonjwa ulianza kwenye beseni, ghafla, na chakula kilikuwa kinaonekana ndani ya povu. Kichaa hakianzi hivyo. Pepopunda pia huzuia kumeza, lakini punda mwenye pepopunda anakakamaa, masikio yamesimama, na ngozi nyeupe ya kona ya jicho inafunika mboni ukimshtua. Ugonjwa ule wa farasi unaoenezwa na visubi huleta povu jingi puani, ila povu lake halina chakula, na punda wetu wa Afrika mara chache huugua vibaya. Tukakubaliana na beseni.

Kizibo

Nilipofika alasiri umio ulikuwa haujafunguka. Mapigo ya moyo 60 kwa dakika, wakati punda mzima aliyetulia huwa kati ya 36 na 52. Pumzi 28, mpaka wa juu kabisa wa kawaida. Joto 37.6, ambalo ni sawa kwake, kwani punda mzima huwa kati ya 36.2 na 37.8. Ukimpima kwa joto la ng'ombe utamwona mzima hata akiwa na homa. Upande wa kushoto wa shingo, theluthi ya chini, palikuwa na uvimbe mgumu wa kushika mkononi. Umio wa wanyama hawa hukaa kushoto kwa bomba la hewa hapo chini ya shingo, kwa hiyo ndipo pa kutafuta, ingawa kizibo kikiwa ndani ya kifua hutakiona wala kukishika.

Kazi ya kwanza ni kumtuliza. Zailazini miligramu 1.1 kwa kilo ya uzito, kwenye mshipa. Faida yake ni mbili kwa pamoja: woga unaondoka na umio unalegea, halafu kichwa kinashuka chini ya usawa wa mabega, jambo ambalo ni muhimu kuliko yote yanayofuata. Nikasubiri, nikiupapasa uvimbe kwa vidole kutoka chini kwenda juu. Wapo wanaofunguka hapohapo. Huyu hakufunguka.

Mpira ulipita puani. Pua ya punda ni nyembamba kuliko ya farasi wa kimo kilekile, na ukilazimisha mpira wa farasi utapata damu nyingi ya bure. Nilipitisha ule mwembamba, umepakwa jeli, taratibu hadi ukagota. Kabla ya tone la kwanza la maji, hakikisha mpira uko kwenye umio: unauona ukipita chini ya ngozi upande wa kushoto, ukivuta hewa kwa mdomo unapata ukinzani, na hakuna pumzi inayotoka kwa mwendo wa kifua. Usipokuwa na uhakika, utoe uanze upya.

Maji ya uvuguvugu yalimiminwa kwa faneli iliyoinuliwa kidogo tu, kikombe kimoja au viwili, kisha faneli inashushwa na maji yanarudi na kilicholainika. Tena na tena. Hakuna kusukuma kwa nguvu. Uji wa pumba ulikuwa unatoka kwa mpira na kwa pua, ukidondoka chini moja kwa moja kwa kuwa kichwa kilikuwa chini. Bibi alikaa kwenye kigoda akihesabu faneli kwa sauti mpaka akachoka. Jirani ndiye aliyeshika kichwa, na alikishika vizuri. Mara moja dawa ilianza kuisha nikaongeza nusu. Jua lilikuwa limeshaegemea pale mpira ulipotoa kipande cha gunzi cha ukubwa wa pingili ya kidole gumba, na baada yake ukateleza wenyewe hadi tumboni. Harufu ya tumbo ilipanda kwenye faneli, hiyo inatosha kuwa cheti.

Kabla ya kuutoa nilitumia njia hiyohiyo kumpa lita tatu za maji yenye chumvi kidogo. Mate yanayomwagika saa zote hizo yanaondoka na chumvi ya mwili, na mnyama wa kazi aliyetoka kutembea juani hana akiba.

Siku zilizofuata

Hapa ndipo kisa kinapokuwa kigumu, na ndipo wengi wanapopoteza mnyama baada ya kushangilia. Umio uliokwama una michubuko, umechoka, na siku moja mbili za mwanzo ni rahisi sana kukwama tena. Kwa farasi, ningeweza kumwacha bila chakula kwa siku nzima au zaidi ili umio upumzike. Kwa punda sikuthubutu. Punda akikaa bila kula, hasa akiwa na maumivu au woga, mwili unayeyusha mafuta kwa wingi kuliko ini linavyoweza kuyatumia, mafuta yanajaa kwenye damu, na hali hiyo ikishika kasi huua. Kwa hiyo maji usiku uleule, na alfajiri uji: pumba zilizolowekwa mpaka zimiminike, zimechujwa magunzi, kidogo kidogo mara nyingi. Mchana majani laini mabichi ya kukatwa kutoka bondeni. Dume alifungwa mbali, akalalamika kijiji kizima kikasikia.

Mafuta ya ile chupa hayakutusahau. Kwa kuwa nilijua yamepita njia mbaya, penisilini ya prokaini ilianza jioni ileile, yuniti 22,000 kwa kilo, msulini, asubuhi na jioni. Jentamisini, antibiotiki nyingine, niliichelewesha hadi kesho yake, alipokuwa ameshakunywa vya kutosha na kukojoa, maana dawa hiyo kwa mnyama aliyekaukiwa huharibu figo. Nilimwachia mjukuu kipimajoto na daftari la shule, aandike joto mara mbili kwa siku. Joto ndilo linalotangulia kusema, kikohozi kinafuata nyuma.

Asubuhi ya pili daftari lilisoma 38.9. Pumzi 36, na kwa stetoskopu, sehemu ya chini ya mbele ya kifua, mlisikika michirizo kama kuna majimaji. Punda mwenyewe hakuonyesha kitu zaidi ya kusimama peke yake, masikio yamelegea. Punda mgonjwa haropoki. Anayengoja agaregare kama farasi atangoja mpaka asubuhi ya mazishi. Niliongeza metronidazoli, vidonge vilivyosagwa na kupitishwa kwa njia ya haja kubwa kwa sababu ya uchungu wake mdomoni, ili kushika bakteria wanaostawi pasipo hewa, na fluniksini kwa homa na maumivu. Punda huisafisha fluniksini mwilini upesi kuliko farasi, kwa hiyo nilimwangalia baada ya saa 12 badala ya kungoja kesho yake.

Siku hiyo hamu ya kula ilipungua, nami nikaogopa mafuta ya damuni kuliko nimonia. Kipimo cha shambani ni rahisi: vuta damu kwenye chupa yenye dawa ya kuzuia kuganda, isimamishe kivulini, chembe nyekundu zishuke, kisha tazama maji ya juu. Yakiwa meupe kama yamechanganywa na maziwa, una tatizo kubwa. Yake yalikuwa ya manjano, mang'avu. Tukaendelea na uji, bibi akiongeza sukari guru kidogo, na mjukuu akimlisha mkononi.

Joto lilishuka chini ya 38 siku ya nne, na halikupanda tena. Penisilini iliendelea zaidi ya wiki. Kama mafuta mengi yangebaki mle ndani sidhani tungefika hapo. Nadhani kile kikohozi cha magoti, kilichowaogofya wote, ndicho kilichotoa sehemu kubwa.

Mdomoni

Alipopata nguvu nilifungua kinywa kwa taa. Meno ya punda huendelea kuchomoza kwa miaka mingi, yanasogea juu milimita mbili au tatu kila mwaka na kusagana yenyewe. Jino moja likitoka, lililo mkabala wake linakosa wa kusagana naye na kuwa refu. Huyu alikuwa amepoteza gego moja la chini kulia, na gego la juu yake lilikuwa limeshuka kama nanga. Kingo za nje za magego ya juu zilikuwa kali, shavu lina vidonda. Bibi alipoulizwa alisema ndiyo, kuna vitonge vya nyasi zilizotafunwa nusu anaviona chini ya mti tangu mwaka juzi, akadhani ni tabia ya uzee.

Vitonge vile ndiyo ilikuwa habari yenyewe, miezi mingi kabla ya povu. Mnyama asiyeweza kusaga anameza vipande vizima. Ukimpa nyasi anavitema, ukimpa pumba hana cha kutema, anazimeza zilivyo, kavu, na njaa inamsukuma. Gunzi lilikamilisha tu. Ningekuwa na senti moja tu ya kutumia kwa punda wote wa maji wa wilaya ile, ningeiweka kwenye tupa ya meno kabla ya dawa yoyote niliyoitaja.

Kingo nilizipiga tupa siku hiyohiyo, baada ya kumtuliza. Lile gego refu nililipunguza kidogo tu, lililobaki lingojee, kwani ukilikata kwa mara moja unaweza kufungua uwazi wa ndani ya jino. Kila miezi sita linapitiwa.

Pumba sasa zinalowekwa usiku kucha na kuliwa asubuhi zikiwa uji, kila punda na beseni lake. Zinachekechwa kwanza, na magunzi wanapewa kuku wachakure. Nilimwonya bibi pia kwamba pumba peke yake si chakula cha kudumu, kwa kuwa zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, na mifupa ya taya hulegea kwa lishe ya namna hiyo ikiendelea miezi. Mabua yakatwekatwe, majani ya bondeni yafuatwe hata kama ni mbali. Alinisikiliza, akaniuliza nani atayafuata ikiwa punda yuko mapumziko. Swali la haki. Tulikubaliana dume abebe madumu mawili tu na mjukuu asukume mengine kwa baiskeli hadi masika.

Jirani alinisindikiza hadi barabarani na akataka kujua, safari hii kwa ng'ombe wake, mafuta yanafaa wakati gani na hayafai wakati gani. Tulisimama pale muda mrefu kuliko nilivyokuwa nimekusudia.